X Plastaz na Mizani Iliyozidi

Tumezoea kuiandika historia ya tungo zetu kutoka pwani: Lamu, Mombasa, Pemba, Tanga. Leo naomba radhi niiandike kutoka bara, tena kutoka Kwa Mrombo, pembezoni mwa jiji la Arusha, mahali wengi wanapopajua kwa nyama choma kuliko kwa beti.

Mwaka 2005 mpwa wangu aliniletea kaseti nyumbani. "Shikamoo mjomba. Hebu wasikilize hawa, ni watu wa hapahapa kwetu." Mkononi alishika pia daftari lake la tungo. Wimbo aliotaka niusikie uliitwa "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki". Nami, kwa mazoea ya watu wa vina na mizani, nikalihesabu jina kwa vidole: ni-ni-dha-mbi-kwa-mwe-nye-dhi-ki. Mizani tisa. Nikamwambia, "Imezidi moja. Huu si ushairi." Akachukua kaseti yake, na daftari hakulifungua.

Kundi lile lilikuwa X Plastaz, lililoundwa Arusha mwaka 1996. Muziki wa kufokafoka wakati huo ulikuwa na makao yake Dar es Salaam. Huko ndiko Saleh Jabri alikokuwa amethubutu kufoka kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huko ndiko lilikokuwa kundi la Kwanza Unit. Studio zilikuwa huko, na redio binafsi zilizoanza kuvuma zilikuwa huko. Kijana wa Arusha alitenganishwa nazo na safari ya zaidi ya kilomita 600, na aliyetaka kusikika alitarajiwa kuifunga safari hiyo akaombe nafasi.

X Plastaz hawakuingojea nafasi hiyo. Wapenzi wa punk huko Marekani husimulia kwa fahari jinsi vijana wa Washington walivyoanzisha Dischord mwaka 1980 ili watoe sahani zao wenyewe bila kuyapigia magoti makampuni makubwa. Hawa wetu walikuwa na moyo wa aina hiyo. Gsann, Nelly, Ziggy na wenzao walijenga jina wakiwa kwao, wakisaidiana na washirika wao wa Uholanzi, na mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ikatolewa na Out Here Records ya Ujerumani. Kabla wengi wetu hapa hatujawasikiliza, walikwisha kupanda majukwaa ya Ulaya.

Lakini kwetu sisi wa lugha, jambo kubwa ni sauti. Kundini aliingia Merege, mwimbaji wa Kimaasai, akiwa na lubega lake na uimbaji wa kwao. Wamaasai wana olaranyani, kiongozi anayetangulia kuimba, na kundi linalomwitikia kwa sauti nzito za kooni. Nani kati yetu asiyekitambua kibwagizo hapo? X Plastaz waliuweka muundo huo ubavuni mwa Kiswahili cha mtaani Arusha, na hakuna lugha iliyogeuzwa mtumishi wa nyingine.

Sitaficha lililo gumu. Jina la albamu lilimtanguliza Mmaasai, na Ulaya picha ya Mmaasai huuzika, kama inavyouzika kwenye maduka ya vinyago mjini kwetu. Uhuru kutoka Dar es Salaam ulikuwa na gharama yake: soko la mbali nalo lina matakwa yake. Hata hivyo, anayeuza picha hununua ukimya wa aliyepigwa picha. Hawa walizungumza, na walizungumza juu ya dhiki.

Hapo ndipo ninapoirudia mizani yangu tisa. Mwaka 1974 Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka, tulibishana miaka mingi kama shairi laweza kuishi bila vina. Wakati wasomi wakibishana, vijana wa kufokafoka walivirudia vina wenyewe, bila kutumwa na mwalimu. Walichobadili ni kipimo. Mfokaji hahesabu silabi, anahesabu mapigo. Pigo moja laweza kubeba silabi mbili au nne, mradi pigo lifuatalo likute kina mahali pake. Kwa kipimo hicho hakuna mizani iliyozidi katika jina lile. Nami kwa kuhesabu vidole nilipitwa na lililokuwa wazi: dhambi na dhiki zimefungwa kwa sauti moja ya mwanzo, kisha zikawekwa ndani ya swali ambalo msikilizaji hawezi kulikwepa. Malenga yeyote angejivunia mshororo huo.

Nelly aliuawa hapa Arusha mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsann alighani kwa Kiswahili katika hafla ya tuzo za hip-hop za BET huko Marekani. Lakini sijaona diwani wala kitabu cha shule kinachowaweka mahali pao katika historia ya utungo wa Kiswahili. Tukiendelea kungoja, waliokuwepo watatoweka na kumbukumbu zao, nasi tutabaki tukihesabu silabi za marehemu.

Mpwa wangu sasa ni fundi simu hapa Kwa Mrombo. Mwezi uliopita nilimwuliza habari za lile daftari. Akacheka. "Mjomba, lile liliwashia jiko zamani sana." Nikamwomba radhi. Akaniambia yapo mawili matatu anayoyakumbuka kwa kichwa. Jumapili atakuja kunighania, nami nimeahidi kuandika kila neno bila kunyoosha kidole hata kimoja.