Mtego wa harufu wa dumuzi

Mtego wa harufu wa dumuzi ni kifaa cha kunasa dumuzi (Prostephanus truncatus), mbawakawa mtoboa mbao anayeshambulia pia mahindi na mihogo mikavu. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyokolea, na kichwa kilichoinamia chini ya kifua. Akitoboa punje huacha unga mwingi.

Asili yake ni Amerika ya Kati. Barani Afrika aligunduliwa kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea pamoja na biashara ya mahindi. Mwaka 1984 alikuwa amefika Burundi.

Dume akipata chakula hutoa harufu iitwayo feromoni, inayowavuta madume na majike. Viambata vyake viwili hutengenezwa maabara na kutiwa katika kichupa cha plastiki kinachopitisha harufu polepole, ndani ya mtego wa faneli au wa karatasi yenye gundi. Mitego imenasa dumuzi hata katika pori la Tsavo, Kenya, mbali na mashamba.

Kazi kuu ya mtego ni kutambua uwepo wa dumuzi. Hauokoi ghala peke yake. Mkazi wa Katubuka, Kigoma, mwenye magunia ya mahindi ndani autundike nje, mbali na nyumba, usije ukawaita wadudu kwenye akiba. Kinga yenyewe ni kukausha mahindi vizuri, kuyapukuchua mapema, kuyachanganya na dawa ya unga iliyoidhinishwa au kuyafunga katika mifuko isiyopitisha hewa.