Meli ya Wadachi Kule Kigoma

Ukivuka ziwa toka Baraka hata Kigoma, utaona juu ya bandari steshini kubwa ya Wadachi. Reli yao ilifika pale mwaka 1914. Kwa reli hiyo ililetwa meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, mji mdogo karibu na mto Ems, kisha ikafunguliwa vipande vipande, masanduku yapata 5,000. Ilishushwa majini 1915, kwa vita. Mwaka 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakazipaka injini grisi, walitumaini kurudi! Waingereza waliiinua 1924, wakaiita Liemba. Ndiyo hiyo iliyowarudisha Kongo, mwaka 1997, wakimbizi wetu zaidi ya 75,000, pamoja na magodoro yao, masufuria na watoto waliozaliwa kambini.