Shairi la Mama Chini ya Msalaba

Kila Kwaresima tunapofuata vituo 14 vya Njia ya Msalaba, sisi wanakwaya huimba habari za Mama Maria akisimama karibu na Mwanawe. Asili yake ni shairi la Kilatini la karne ya 13, Stabat Mater, lenye beti 20 za mistari mitatu mitatu. Wengi humtaja Jacopone da Todi, mtawa Mfransisko wa Italia, kuwa mtunzi, ingawa wataalamu hawajakubaliana.

Shairi hili limepita mengi. Baada ya Mtaguso wa Trento, karne ya 16, liliondolewa katika Misa. Papa Benedikto XIII akalirudisha mwaka 1727. Mwaka 1736 Mwitaliano Pergolesi alilitungia muziki akiwa mgonjwa, akafariki mwaka huohuo akiwa na miaka 26.

Katika nyakati zetu lilimfikia Arvo Pärt, aliyezaliwa Estonia mwaka 1935. Nchi yake ilipokuwa chini ya Muungano wa Kisovyeti, alitoa Credo mwaka 1968, akikiri hadharani imani kwa Yesu Kristo. Wakuu wa serikali walichukizwa. Miaka iliyofuata alitunga kidogo sana, akajifunza nyimbo za kale za Kanisa. Mwaka 1976 alitokea na mtindo mpya: sauti moja hupanda na kushuka hatua kwa hatua, na nyingine huisindikiza kama kengele kwa noti tatu tu, mfano la, do, mi. Mwaka 1980 alihama nchi pamoja na familia yake.

Stabat Mater yake ni ya mwaka 1985. Haina kwaya kubwa wala ngoma. Ina waimbaji watatu, yaani soprano, alto na tena, pamoja na fidla, viola na selo. Katika kundi dogo namna hii hakuna pa kujificha. Kila mmoja lazima amsikilize mwenzake.

Shairi hili limefika kwetu kwa sababu kila kizazi kilipata wa kulipokea. Madaftari ya solfa ya wazee wetu wa kwaya yanachakaa kabatini, na vijana wanaoyasoma ni wachache. Katika yubilei hii tunawaomba wazazi watuletee watoto mazoezini, wajifunze solfa wakati wazee wangali nasi.