Nauli ya Kwenda Kinder

Ukipanda treni Manchester asubuhi ya Jumapili, haiishi saa moja unaingia tundu la Cowburn, kilometa tatu na zaidi chini ya mlima. Giza, kelele za magurudumu, kisha ghafla mwanga na majani mabichi. Treni inasimama Edale. Wanashuka watu wachache wenye viatu vizito na mikoba mgongoni, treni inaendelea zake Sheffield, na baada ya hapo husikii kitu ila kondoo na upepo. Gari la nini? Reli hii inabeba abiria tangu mwaka 1894.

Juu ya kijiji umelala mlima Kinder Scout. Urefu wake ni mita 636 tu, na mtu aliyezaliwa Moshi ataucheka. Lakini kule juu ni tambarare pana ya udongo mweusi unaonyonya maji kama sponji, mguu ukizama unautoa kwa kuuvuta. Upande wa magharibi kuna maporomoko, Kinder Downfall, ambayo siku ya upepo mkali maji yake hayaanguki, yanarushwa kurudi juu kama moshi. Vitabu vya watalii husifu sana utulivu wa mahali hapa. Mimi nataka kusimulia utulivu huo uligharimu nini, maana kuna vijana walifungwa jela kwa ajili yake.

Turudi mwaka 1932. Uingereza ilikuwa na watu karibu milioni tatu wasio na kazi. Manchester, mji wa pamba, ulikuwa mweusi kwa moshi. Waliobahatika kuwa na kibarua walifanya kazi mpaka Jumamosi mchana, ikabaki siku moja tu ya kupumua. Siku hiyo vijana kwa maelfu walijaa stesheni na mkate kwenye mfuko, wakakata tiketi ya bei nafuu kwenda milimani. Hawa walikuwa walalahoi hasa, watu wa viwanda na gereji. Kutembea kulikuwa starehe pekee waliyoimudu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, kama ni kichekesho. Nauli ilikufikisha mguuni pa mlima. Mlima wenyewe ulikuwa umefungwa. Karne moja nyuma, sheria za kugawa ardhi ya vijiji ziliwapa makabaila nyika zile zote, na kufika wakati huo zilikuwa za mtu kama Duke wa Devonshire na wenzake, wakifuga humo ndege wa jamii ya kwale wa kupigwa risasi. Msimu wa kuwinda huanza tarehe 12 Agosti, na siku zenyewe za kuwinda zilikuwa za kuhesabu. Siku nyingine zote mlima ulikaa mtupu, ukilindwa na mabwana nyama wenye marungu. Mbao zilipigiliwa kila mahali, eti atakayeingia atashtakiwa. Ubao ulikuwa mwongo. Kuingia tu ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai. Mwenye ardhi angeweza kukufungulia madai, basi. Lakini rungu la bwana nyama halikuuliza habari za jinai wala madai.

Vyama vikubwa vya watembeaji vilikuwa vinaomba kwa adabu. Vilikuwa vimeomba miaka na miaka. Kijana mmoja wa Manchester, Benny Rothman, fundi magari wa miaka 20, hakuwa na subira hiyo. Yeye na wenzake wa chama cha michezo cha wafanyakazi, chenye siasa ya kikomunisti, walikuwa wamepiga kambi karibu na hapo, wakaenda kutembea, mabwana nyama wakawafukuza. Waliporudi kambini hoja ikawa rahisi: wametufukuza kwa sababu tulikuwa wachache.

Wakatangaza wazi, mpaka gazetini. Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, watu wapande Kinder.

Kama ningekuwa naandika riwaya ningeanzia hapa, kwenye baiskeli. Maana polisi walikuwa wanamngoja Rothman stesheni wampe hati ya kumzuia, naye akawachenga kwa kupiga pedali mpaka Hayfield. Hapo, kwenye machimbo ya mawe ya Bowden Bridge, alipanda juu ya jiwe akahutubia. Hesabu za waliokuwepo zinatofautiana, wengi husema 400. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 17, Jimmie Miller, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ewan MacColl na aliyeutungia wimbo mkasa huo. Wakapanda korongo la William Clough wakiimba. Mabwana nyama wakatokea. Purukushani haikuchukua muda, mlinzi mmoja akaumia kifundo cha mguu. Kule juu walikutana na kundi jingine lililotokea Edale, wakapongezana, wakateremka. Chini polisi walikuwa wanawangoja, wakawakamata vijana wachache.

Kesi ilisikilizwa Derby mwezi Julai. Baraza lililoamua washtakiwe lilijaa maofisa wa jeshi na wenye mashamba, yaani watu wenye bunduki za kuwindia zile zile. Kwa kuwa kutembea si jinai, mashtaka yakawa kukusanyika kwa fujo na kushambulia. Vijana watano walifungwa, miezi miwili mpaka sita kila mmoja. Rothman alipata minne.

Hukumu ile iliwachukiza hata wale waliokuwa wamewalaani vijana kwa utundu wao. Kiangazi hicho hicho maelfu walikusanyika Winnats Pass, jirani tu na Edale, kudai njia. Mengine yalikwenda polepole, vita vikaingia kati, lakini yalikwenda. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa 1949, na hifadhi ya kwanza, mwaka 1951, ikawa Peak District, yaani milima hii hii. Tarehe 24 Aprili 1965 ilifunguliwa Pennine Way, njia ya miguu ya kilometa zaidi ya 400 inayoanzia Edale na kuishia Scotland. Sheria ya 2000 ndiyo iliyompa kila mtu haki ya kutembea kwenye nyika kama Kinder bila kumwomba mtu.

Rothman alifariki Januari 2002. Miezi michache baadaye, kwenye kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo alisimama mbele za watu akaomba radhi kwa yale ambayo babu yake aliyafanya. Mwenye kuombwa radhi alikuwa ameshazikwa.

Na reli ya Hayfield, waliyoitumia wengi wa vijana wale? Ilifungwa Januari 1970, haina faida. Vyuma viling'olewa, na pale palipokuwa stesheni pamekuwa maegesho ya magari. Anayetaka kwenda anapanda basi. Tuta la reli lenyewe limeachwa, likageuzwa njia ya watembea kwa miguu kutoka Hayfield mpaka New Mills, na hakuna mwenye rungu wa kukuuliza unakwenda wapi.