Kesi za kura: safari ndefu ya kiongozi wa mashtaka

Mtu akipewa shilingi mia tano kwenye baraza ya Langoni, mjini Lamu, usiku wa kuamkia uchaguzi, mbele ya sheria wamekosa wawili: aliyetoa na aliyepokea. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya ya 2016 inasema adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Kazi ya kumthibitishia hakimu kwamba pesa zile zilinunua kura ni ya kiongozi wa mashtaka wa serikali.

Kazi hiyo ina historia ya machungu. Kwa miongo mingi baada ya uhuru mashtaka yote ya jinai yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye papo hapo ndiye mshauri wa serikali. Huku chini, kwenye mahakama za mahakimu, aliyesimama kuongoza kesi mara nyingi alikuwa afisa wa polisi. Sasa mfikirie afisa huyo akiambiwa amshtaki mwanasiasa wa chama kinachotawala.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Paul Ngei. Mahakama ilifuta ushindi wake wa ubunge wa 1974 na kumpata na kosa la uchaguzi, jambo lililomzuia kugombea tena. Ngei alikuwa waziri, na tena alifungwa pamoja na Mzee Kenyatta katika kesi ya Kapenguria ya enzi za ukoloni. Desemba 1975 Bunge likabadilisha Katiba ili Rais aweze kumwondolea mtu kizuizi cha aina hiyo. Ngei akasamehewa, akarudi bungeni. Kila wakili wa serikali aliliona hilo na kulielewa. Kisha 1988 ukaja mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wagombea katika mchujo wa chama tawala, KANU. Watu wakishatawanyika, hapabaki hata karatasi moja ya kupeleka mahakamani kama kielelezo.

Upande wa ufisadi nao ulijikwaa. Mamlaka ya Kukabiliana na Ufisadi, KACA, iliyoundwa 1997, ilivunjwa na uamuzi wa Mahakama Kuu Desemba 2000 katika kesi ya Gachiengo. Majaji walisema uwezo wake wa kushtaki ulikiuka Katiba, kwa kuwa kushtaki kulikuwa kwa Mwanasheria Mkuu. Ilibidi kusubiri hadi 2003 kupata sheria mpya ya ufisadi, na hadi Katiba ya 2010 kupata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, asiyepokea amri ya mtu yeyote. Keriako Tobiko alishika kiti hicho 2011, Noordin Haji akamfuata 2018, na Renson Ingonga 2023. Polisi wakaondolewa hatua kwa hatua kwenye meza ya mashtaka, mawakili wakachukua nafasi zao.

Uhuru huo ni mkubwa, na mimi siudharau. Lakini shahidi haletwi na Katiba. Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, ulipo Msikiti wa Riyadha, vichochoro ni vyembamba na watu wanajuana kwa majina ya babu zao. Atakayesimama kizimbani kusema fulani alinipa atakuwa anamtaja mjomba au jirani, na papo hapo anajitia hatiani mwenyewe. Ndiyo maana kesi tunazozizoea Lamu ni zile za wanasiasa wenyewe kwa wenyewe. Ile ya Fahim Twaha kupinga ushindi wa Issa Timamy katika uchaguzi wa ugavana wa 2013 ilifika hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2015. Kesi ya namna hiyo huamua nani akae ofisini. Kumfunga mtu ni shughuli nyingine kabisa, na huko jaji au hakimu hutaka ushahidi usioacha shaka.

Ushahidi kama huo ulipopatikana, matokeo yalionekana, ingawa ng'ambo. Kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman ya Uingereza ilipatikana na hatia London Desemba 2014 kwa kuwahonga maafisa wa Kenya na Mauritania ili ipewe kazi, ikiwemo ya kuchapa karatasi za kura. Katika barua pepe zao hongo iliitwa kuku. Barua pepe hizo ndizo zilizowaangusha. Mkurugenzi mmoja alifungwa miaka 3. Sehemu ya pesa zilizotaifishwa ilirudi Kenya 2017, ikanunua magari 7 ya wagonjwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Bunge lina muda wa kutosha kurekebisha sheria ili mpokeaji anayejitokeza mapema na kutoa ushahidi asishtakiwe. Wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi wanaweza kuanza wao. Nawe msomaji, ukitumiwa pesa za kura kwa simu, usiufute ujumbe ule. Upeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, au ofisi ya DPP, na kura yako mpe umtakaye.