Tembe la Kwihara

Tembe la Kwihara ni nyumba ya kihistoria katika kijiji cha Kwihara, karibu na mji wa Tabora, Tanzania. Lilijengwa karne ya 19 na wafanyabiashara Waarabu, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji na Manyema. Kuta zake nene ni za udongo, na vyumba vinazunguka ua wa ndani. Paa ni bapa: boriti za miti hulazwa juu ya kuta, kisha udongo hushindiliwa juu yake. Kinachovutia zaidi ni milango ya mbao yenye nakshi za pwani. Mwandishi wa habari na mpelelezi Henry Morton Stanley alikaa humo mwaka 1871. Baadaye alirudi humo pamoja na mmisionari na mpelelezi David Livingstone, ambaye alibaki hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi. Leo ni makumbusho.