Likoni hadi Lunga Lunga: Barabara ya pwani isiyoiona bahari

Msafiri anayeteremka kwenye feri upande wa Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ana mwendo wa takriban kilomita 100 sambamba na Bahari ya Hindi. La ajabu ni kwamba aweza kuumaliza bila kuyaona maji. Lami imepita bara kidogo, kati ya minazi, mikorosho na miembe, na atakaye bahari sharti akate kushoto.

Kwa miongo mingi, kilichoamua nani afike Kwale kilikuwa kivuko. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na kuua watu 272, na wengi hawajasahau. Ghasia zilizozuka Likoni Agosti 1997 nazo ziliwafukuza watalii na kuacha hoteli za Diani tupu. Barabara ya Dongo Kundu, iungayo Miritini na Kibundani, ilipofunguliwa yote mwaka 2024, magari ya kutoka bara yalipata njia isiyopitia kisiwani Mombasa. Hata hivyo, waendao kwa miguu bado huvuka kwa feri, bila malipo.

Majira yafaayo kwa safari hii ni Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapopoza joto la pwani. Kusi lakini huchafua bahari na kutupa mwani ufuoni. Anayetaka kupiga mbizi heri angoje kaskazi, ingawa atatokwa na jasho.

Huko Kombani, njia ya kulia hupanda hadi mji wa Kwale na Hifadhi ya Shimba Hills, makao ya palahala, swala mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma asiyepatikana porini kwingine nchini Kenya. Kutoka vilimani humo bahari huonekana kwa mbali, ikiwa na ukanda wa kijani mbele yake. Kinyume cha mambo, ni aliyeipa kisogo anayeiona vizuri zaidi.

Ukunda ndiyo njia panda ya Diani. Mchanga ni mweupe na mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika pwani. Ufuo ni mali ya umma, ila vijia vya kuufikia vimebanwa kati ya kuta za hoteli, na mgeni asiyelala hotelini hana budi kuulizia. Juu ya barabara ya ufuoni zimetundikwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kwenye mlango wa mto Mwachema upo Msikiti wa Kongo, mojawapo ya misikiti mikongwe ya pwani hii, na kusini zaidi Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni huingia Kinondo akiwa amejifunga kaniki, na haruhusiwi kuondoka na hata jani.

Kijiji cha Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui kabla ya kuasi utawala wa Waingereza mwaka 1895 na kukimbilia upande wa Wajerumani, leo kinajulikana kwa mikoko. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni hutunza mikoko na kuuza haki za kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yamegharimia maji na mahitaji ya shule. Mti uliokuwa ukikatwa kwa boriti na kuni sasa unalipa ukiwa umesimama.

Baada ya Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, njia nyingine ya kushoto huenda Shimoni, palipo mapango ya matumbawe ambamo watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Ng'ambo ni kisiwa cha Wasini, na nyuma yake Hifadhi ya Bahari ya Kisite, wanakoonekana pomboo.

Lunga Lunga yenyewe haina bahari. Anayeitaka kwa mara ya mwisho kabla ya mpaka hushika barabara ya Vanga, mji wa wavuvi uliozungukwa na mikoko.